Mwanamke Nyuma ya Goli

Naandika haya kwa yule aliyeambiwa wiki hii na bado hajamwambia mtu. Mambo ya kitaalamu sitayaweka, kwa sababu walionitibu waliyaeleza kwa maneno marefu na mengi yamenitoka. Ninachokumbuka ni kwamba jakaranda zilikuwa zimechanua, na mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu Marshalltown, katika chumba tunachoshonea sare za walinzi. Nikajisikia kitu chini ya kwapa la kushoto, kama kifungo kilichodondoka ndani ya nguo. Nikaingiza mkono nikitoe. Hakikuwa kwenye nguo.

Naitwa Faida. Nilizaliwa Bukavu, na hapa Johannesburg nimekaa miaka mingi kiasi kwamba binti yetu Neema, aliyezaliwa hapa, anakisikia Kiswahili chetu chote lakini anatujibu kwa Kiingereza. Mume wangu ni mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Midrand. Mama yangu yuko Bukavu bado. Na nina mdogo wangu mmoja, Riziki, anayecheza mpira wa mikono Ulaya.

Mimi mwenyewe nilikuwa kipa zamani, katika timu ya shule ya masista, na Riziki nilimfundisha mimi, nyuma ya jiko letu, kwa mpira wa matambara. Akanipita. Akachukuliwa na klabu ya mji mdogo kaskazini mwa Ufaransa, mahali ambapo, kwa maneno yake, kuna kiwanda cha sukari, ukumbi wa michezo, na mvua. Msimu ule niliougua, klabu yao iliingia kwa mara ya kwanza kwenye kombe la vilabu vya wanawake la Ulaya. Ni kombe la mtoano. Kila raundi mnacheza mara mbili, kwenu na kwao, mabao yanajumlishwa, na aliyepungukiwa anarudi nyumbani.

Siku niliyopewa majibu kwamba ni saratani, nilimpigia Mama kabla sijavua viatu. Akasema, "Riziki asijue. Mutoto akianza kulia ndani ya goli, watamurudisha."

Mume wangu naye akasema hivyo hivyo. Nikakubali. Kwa hiyo tangu mwanzo ugonjwa wangu ulikuwa na mlango mmoja uliofungwa, na nyuma ya mlango huo alikuwa mtu niliyempenda kuliko wote.

Kemo ilianza joto lilipoanza. Viti vya chumba cha kusubiri vilikuwa vya bluu, vimefungwa pamoja kwa chuma kimoja, kiasi kwamba mtu wa mwisho akitikisa mguu mnatikisika wote. Huko ndiko nilikokutana na Bi Zuwena. Alikuwa mwanamke mrefu wa Tanga, amepita sitini, mwenye duka la udi na mapazia kwenye soko la Fordsburg. Ugonjwa wake ulikuwa kama wangu, ila ulikuwa umetangulia. Alinukia ubani. Sista mmoja, ndivyo tunavyowaita wauguzi hapa, alimwomba asijifukize siku za dawa, maana wengine wanatapika kwa harufu.

"Sijajifukiza, mwanangu," Bi Zuwena akamjibu. "Imeshaingia kwenye mifupa."

Tulipewa viti vya dripu vilivyopakana, yeye upande wa dirisha. Dawa moja, nyekundu, sista aliisukuma kwa mkono, polepole, kwa bomba nene la sindano, amekaa karibu nami kama mtu anayelisha mtoto. Jioni mkojo ulitoka mwekundu. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili.

Mara ya pili tulipokuwa kwenye dripu, Riziki akapiga simu. Nilimwambia niko kwa mteja, siwezi kuwasha kamera. Sauti yake ilitoka wazi, ikitaka sababu: "Yaya, juu ya nini unaongea polepole hivi?"

Nilipokata, Bi Zuwena alikuwa ananitazama. "Huyo mtoto anakuita yaya? Ulimlea kwa mshahara?"

Nikacheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika. Nikamweleza kwamba kwetu yaya ni dada mkubwa. Nikamweleza na habari ya kombe, raundi, mabao ya nyumbani na ya ugenini. Hakuwahi kuona mpira wa mikono maishani mwake. Aliuliza maswali kama mtu anayepanga kununua: ukumbi una ukubwa gani, kipa anavaa nini, kwa nini asivae glavu, mpira unauma namna gani.

"Na hajui kwamba unaumwa?"

"Hajui."

"Ungenipa nimsalimu tu."

Sikumpa. Niliogopa lafudhi yake ingezaa maswali. Bi Zuwena hakukasirika. Aliegemeza kichwa, akafumba macho. "Haya," akasema, "iko siku."

Nywele zilinitoka mwezi uliofuata. Neema ndiye aliyenimalizia kwa mashine ya baba yake, bafuni. Alipomaliza aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, akaenda chumbani kwake. Jioni ile hakuja mezani.

Jumamosi ya wiki ile ile Riziki alicheza ugenini. Tulitazama kwenye simu, mimi na mume wangu, mimi nimefunga kitambaa. Picha ilitoka kwa kamera moja iliyowekwa juu katikati, na mtangazaji alikuwa anaongea lugha ambayo hata Riziki mwenyewe hakuijua. Katikati ya kipindi cha pili, wapinzani wakiwa wanakuja kwa kasi, nilimwona mdogo wangu akigeuza kichwa. Aliupa mpira mgongo, akatazama ukutani nyuma ya goli. Bao likaingia. Kipa hafanyi hivyo. Hata mtoto wa shule hafanyi hivyo.

Kesho yake akapiga. Walishinda, lakini sauti yake haikuwa ya ushindi.

"Yaya, nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Nyuma ya goli yangu kulikuwa mwanamuke. Kati ya nyavu na ukuta. Pale hakuna kiti, hawaruhusu mutu apite."

"Mpiga picha."

"Amefunika kichwa. Mweusi kama sisi. Katika ule ukumbi mzima, watu weusi tulikuwa sisi wa timu tu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anasimama. Mpira hauangalii. Ananiangalia mimi." Akavuta pumzi. "Na kulikuwa harufu. Ubani, Yaya, kama kanisani siku ya maziko. Niliwauliza mabeki wangu, hakuna aliyeusikia." Kisha, kwa sauti ndogo ya zamani, ile ya nyuma ya jiko: "Uko muzima?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kichwani, juu ya kitambaa. "Niko muzima," nikamwambia.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili, halafu nikamwambia mume wangu. Kosa langu lilikuwa kudhani atacheka. Hakucheka. Alimpigia Mama bila kuniuliza, na Mama akaanza kulia kwenye simu. Kwa upande wa ukoo wake kuna habari ambayo watoto hatukuruhusiwa kuisikiliza: mtu anayekaribia kwenda hutembea kwanza. Mwili unalala kitandani, yeye anapita kuwaona wale anaowapenda. Shangazi yake Mama alionekana sokoni akinunua chumvi, wakati huo huo alikuwa amelala nyumbani na homa, na hakumaliza wiki.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika. Mume wangu akirudi zamu asubuhi, alisimama kwanza mlangoni mwa chumba atazame kama shuka linapanda na kushuka. Wakati mwingine nilikuwa macho na nikajifanya nimelala ili asijue kwamba namwona. Hatukugombana. Tuliacha tu kuzungumza mambo ya mwaka ujao. Neema alipoomba ruhusa ya safari ya shule ya majira ya baridi, baba yake alisema, "Tutaona," na wote watatu tukatazama sahani zetu.

Mimi nami nilianza kujichunguza. Siku za dawa za kuzuia kichefuchefu nilikuwa nasinzia kwenye kiti cha dripu, na katika kusinzia nilisikia viatu vikilia kwenye sakafu ya mbao, na mpira ukigonga mwamba. Nikifumbua macho, ni viatu vya sista kwenye sakafu ya hospitali. Nikamwuliza Bi Zuwena kama ameisikia ile sauti.

"Nimeisikia," akasema, bila kufumbua macho. "Wanapiga kelele sana mle ndani."

Nilidhani anazungumzia wadi.

Raundi iliyofuata ilikuwa Januari, wakati wa ngurumo, wakati mbingu ya Johannesburg inakusanya weusi mchana kutwa na kuumwaga jioni. Ulimi wangu ulikuwa na vidonda, na kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Kucha zilikuwa zimegeuka nyeusi kuanzia chini. Bi Zuwena alizificha zake kwa hina nyeusi. Mimi sikuficha, niliziacha.

Riziki alipiga baada ya mechi ya marudiano. Walikuwa wamepita.

"Alikuja tena," akasema. "Hapa nyumbani kwetu, siyo ugenini. Amekaribia. Alikuwa ameshika nyavu, vidole vimepita ndani. Nimeona kucha zake, Yaya. Nyeusi."

Nilikuwa nimeishika simu kwa mkono wa kulia. Nikautazama mkono wa kushoto uliokuwa juu ya meza. Nikauingiza mfukoni, kana kwamba angeweza kuuona.

"Unamwogopa?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Hapana. Hilo ndilo linaniogopesha."

Wewe unayesoma huenda umeshaona jambo ambalo mimi sikuliona. Mtu anayekiogopa kifo chake hudhani kila kivuli ni chake.

Mwezi Februari Bi Zuwena aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa amepungua hata pete zake alizifunga kwa uzi. Bado alitaka habari za kombe, nami nikamwambia wamefika robo fainali, na mechi ya marudiano ni Jumamosi, ugenini. Alisinzia. Dripu yake ilikuwa imefika nusu alipofumbua macho na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeingia ndani kutoka nje:

"Mdogo wako leo kavaa kijani."

"Leo hawachezi, Bi Zuwena. Leo siyo Jumamosi."

"Kavaa kijani. Na kuna ubao wa sakafu umelegea, karibu na mwamba wa kushoto. Unalia akiukanyaga. Mwambie asiuogope."

Sista aliyekuwa akipima presha alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, maana yake dawa zimepanda. Mimi pia nilidhani hivyo. Riziki huvaa rangi ya chungwa, na alivaa hiyo tangu raundi ya kwanza.

Jumamosi timu zilipotoka, mdogo wangu alikuwa amevaa kijani. Baadaye nilijua sababu: wenyeji wao walikuwa na jezi inayofanana na chungwa, mwamuzi akamwagiza abadilishe. Lakini wakati ule sikuwa na sababu yoyote, na mume wangu aliniona nimejifunika mdomo kwa viganja viwili. Akaniuliza nini. Nikasema vidonda vinauma.

Jumla ya mabao ya mechi mbili ilikuwa sawa, wakaenda kwenye mitupo ya mita saba. Mtupaji mmoja, kipa mmoja, hakuna beki. Nilishasimama mahali pale nikiwa msichana, najua unavyoona mpira tu na bega la mtupaji, na ukumbi wote unakuwa mbali. Riziki alidaka wa kwanza. Wawili wakampita. Kabla ya wa nne nilimwona akitulia kwa namna ambayo sikumfundisha, mikono imeshuka, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akaruka kushoto kabla mpira haujatoka mkononi mwa yule msichana. Akaudaka, wenzake wakafunga yao, na kombe likaendelea kwao.

"Ameniambia," akasema kesho yake.

"Nani?"

"Yule. Nilikuwa nimemupa mugongo. Ameniambia sikioni niende kushoto. Nikaenda."

Nilimwambia ale vizuri.

Mwezi Machi nilikwenda kwa vipimo vya mwisho kabla ya upasuaji. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa amekaa mzee mmoja na gazeti. Nikamwuliza sista habari za Bi Zuwena. Alinishika mkono kwanza, ndipo akasema, "Gogo amepumzika, wiki iliyopita," akitumia neno lao la bibi. Waislamu hawakawizi. Alikuwa ameshazikwa, na watu wa Fordsburg walishamaliza kusoma hitima. Nilikwenda mpaka sokoni. Duka lilikuwa limefungwa, na kwenye ujia ule ubani ulikuwa bado umetanda kana kwamba mwenyewe ametoka sasa hivi kwenda kununua chai.

Nililia pale sokoni mbele ya wauza mazulia. Sikumlilia yeye peke yake. Alikuwa ametangulia kwenye ugonjwa, na mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ile ile.

Nilipasuliwa. Nusu fainali niliitazama nikiwa wadini, mrija unaning'inia ubavuni ukitoa damu nyepesi kwenye chupa, mume wangu ameshika simu kwa sababu mkono wangu wa kushoto haukupanda. Walishinda. Riziki alituma ujumbe wa sauti nilioucheza baada ya wageni kuondoka: "Alikuwepo. Mara hii alikaa chini, Yaya. Amekaa nyuma ya goli, miguu ameinyoosha, kama mutu aliyefika alikokuwa anakwenda."

Mume wangu, aliyekuwa amebaki, alisikia. Alitoka kwenda kwenye korido, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa inatosha," akasema. "Mwambie. Kama unakwenda, asisikie kwa Mama."

Lakini sikumwambia mara ile. Kwanza nilitakiwa kujitazama mwenyewe. Bandeji zilipotolewa nilisimama mbele ya kioo, upande mmoja kifua cha mwanamke aliyezaa, upande mwingine kama cha mtoto wa shule, na mshono unakwenda mpaka kwapani. Mimi ni fundi. Nilitazama mshono ule kifundi, nikaona ni kazi safi, na hiyo ilinisaidia zaidi ya maombi niliyoombewa. Nilijishonea mto mdogo wa kuweka ndani ya sidiria. Pamba ilikuwa nyepesi mno, ikapanda mpaka shingoni, nikaongeza mchele ndani upate uzito. Neema aliponiona nikipima mchele kwa kijiko alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bafuni, na akaja kunishikilia uzi.

Baada ya Pasaka mionzi ikaanza. Baridi ilikuwa imekuja, majani ya kandokando ya barabara yamekauka na watu wanayachoma, na teksi nzima ilinukia moshi. Kila siku ya kazi nililala kwenye meza ile ngumu, alama za wino kifuani, wote wakatoka chumbani na kuniacha na mashine. Hakuna maumivu. Unasikia tu mlio, na unajua umebaki peke yako na kitu kinachokuona ndani.

Wiki ya fainali nikampigia Riziki kwa kamera. Nikakaa karibu na dirisha. Kabla sijasema neno nikafungua kitambaa.

Hakushtuka. Alinitazama kichwa, nywele zilizokuwa zinaanza kurudi kama vumbi, akasema, "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nimejua tangu ile mechi ya kwanza. Nilikuuliza kama uko muzima, na ulijibu haraka." Ndipo uso wake ukaharibika. "Nilisema moyoni, Yaya yuko njiani, amekuja kuniaga. Nikasema, kama tunaendelea atarudi raundi inayokuja. Tukitolewa, hatakuwa tena na mahali pa kuja. Nimecheza hivyo kombe lote. Kila mpira unakuja, nasema, huu nikiuachia nimemwua Yaya."

Nilikuwa nimemficha ili asiubebe ugonjwa wangu, na kumbe aliubeba peke yake tangu Novemba, goli kwa goli, bila mtu wa kumpokea.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi natibiwa na watu waliosoma. Ugonjwa wangu hauhesabu mabao."

"Unajua hakika?"

Sikujua. "Najua," nikasema.

Fainali ya marudiano ilichezwa ugenini, jua likiwa linazama huku kwetu. Walikuwa mbele kwa mabao mawili kutoka mechi ya kwanza. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Hakusema kwa nini, lakini alikaa karibu yangu, bega kwa bega, ameshika mkono wangu mahali pa kupimia mapigo. Neema alikaa miguuni. Mara tatu nilimwona Riziki akigeuka kutazama nyuma ya goli wakati mpira uko upande wa pili, kama mtu anayemtafuta mwenzake stendi. Wapinzani wakarudisha yale mawili. Dakika ya mwisho msichana mmoja mwembamba akaruka kutoka pembeni, akautupa chini ya mkono wa mdogo wangu. Bao moja kwa jumla. Kombe likaenda kwao.

Mume wangu alikuwa bado ameshika kifundo cha mkono wangu, na nilihisi vidole vyake vinasikiliza.

Riziki alipiga akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nyuma yake wenzake wakilia. "Hakuwepo," akasema. "Nimemutafuta tangu mwanzo. Yaya, ongea kitu."

"Niko hapa," nikamwambia. "Nasikia njaa."

Ilikuwa kweli. Tangu Oktoba sikuwa nimesikia njaa. Mume wangu aliachia mkono wangu, akaenda jikoni kusonga bugali, na tukaula na sombe, kisamvu chetu, iliyobaki mchana. Ilikuwa na ladha ya sombe.

Riziki alikuja Juni. Uwanja wa ndege nilisimama mbele na koti zito, na alinipita. Alinipita kabisa na sanduku lake, akiangalia nyuso, mpaka Neema akamkimbilia. Aliponigeukia alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, tangu miguuni mpaka kichwani, ndipo akanikumbatia, kwa uangalifu, upande wa kulia.

Alisema siku ya pili, tukiwa tunachambua mboga.

"Yaya, yule mwanamuke hakuwa wewe."

Kisu changu kilisimama.

"Nilidhani ni wewe juu ya kitambaa na juu ya kucha. Uso sikuuona vizuri, taa zile zinapiga machoni. Lakini wewe ni mufupi, nimesahau ulivyo mufupi. Yule alikuwa murefu, kichwa chake kilifika karibu na mwamba wa juu. Na kuna maneno aliyoniambia siku ya robo fainali. Aliniambia, 'Mkono wa kushoto, mwanangu.'" Aliyatamka taratibu, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine. "Wewe ungesema 'mukono ya kushoto.' Mama naye. Sisi wote. Nani kwetu anasema vile?"

Mboga zilikuwa mapajani mwangu, nikaendelea kuzichambua ili mikono iwe na kazi. Picha ya Bi Zuwena ninayo kwenye simu, tuliyopigwa na sista siku moja tuliyokuwa na nguvu, yeye amesimama, mimi namfikia begani. Sikumwonyesha Riziki siku ile, na mpaka leo sijamwonyesha. Nilimwambia kuna mwanamke wa Tanga aliyekuwa anakaa karibu nami, na alitaka sana kumsalimu. Riziki hakuuliza zaidi. Alitazama mlango wa jikoni, uliokuwa wazi na hauna mtu, akaitikia, "Marahaba," kwa kukosea, kwa sababu kwetu salamu hizo hatuzijui. Sikumsahihisha.

Kabla hajarudi Ulaya alinisindikiza kliniki kuchukua majibu. Daktari alisema hakuna walichokiona, na nirudi msimu wa mvua. Hilo ndilo neno wanalotoa, hawatoi kubwa kuliko hilo, na nimejifunza kulipokea lilivyo. Tulirudi kwenye viti vya bluu kusubiri dawa. Kiti cha pembeni kilikuwa na msichana wa Kirundi, kitambulisho cha hospitali bado kipya mkononi. Alikuwa anatikisa mguu, na sisi wote tukatikisika naye.

Akaniuliza, "Mama, inauma?"

"Kuna siku inauma. Kuna siku unachoka tu. Nyumbani uko na nani?"

"Bwana wangu. Hajui. Anadhani nimeenda sokoni."

"Mwambie leo."

"Nikimwambia akaondoka?"

Riziki alisimama, akanipisha kiti chake ili nikae karibu na yule msichana.

"Akiondoka utakuja na mimi," nikasema. "Nipe namba yako."

Alikuwa anaitaja namba, nami naiandika kwenye simu, sista alipoita jina lake. Alisimama na kunitazama. Nikaona hajui kama aende peke yake, nikachukua mkoba wake, tukaingia wote.